Vilima Vitatu

Fundi Ndekirwa huchonga majina Kiboriloni,
nyuma ya soko la mitumba, vumbi la marumaru nyusini.
Anataka tarakimu nne.
"Ya kufa ninayo," anasema, "sasa nipe ya kuzaliwa."

Mzee Musyoki wa Kitheka hakuzaliwa siku moja.
Cheti cha ubatizo kinasema thelathini na nane.
Kitabu cha kahawa, thelathini na moja.
Risiti ya kodi imeliwa na mende palepale penye mwaka.
Shangazi Ndeonasia anaapa ulikuwa mwaka wa nzige.
Nzige walikuja mara ngapi, shangazi?
"Wale wakubwa," anajibu, na kikao kinafungwa.

Mimi hufundisha historia, kidato cha tano.
Juzi niliandika ubaoni: Hiksosi.
Si kabila, nikawaambia, ni cheo,
watawala wa nchi za ugenini.
Walishika upande wa mashariki Nile inapotawanyika,
makao yao Avarisi,
punda wao wamezikwa mlangoni kama walinzi.
Lini? akauliza Aikaruwa wa dawati la nyuma.
Nikameza chaki.

Papirasi yenye orodha ya wafalme ilitufikia makombo;
waliounga wakaunga, wakabandua, wakabishana.
Wageni sita, inasema, na miaka mia na kitu:
hicho kitu ndicho kilichochanika.
Kati ya sita limebaki jina moja, Khamudi,
wa mwisho, aliyefunga mlango.
Na Khayani je? Mihuri yake imefukuliwa
mahali pamoja na ya mfalme
tuliyekuwa tumemtanguliza kwa karibu karne nzima.
Wamelala udongoni kama mashahidi wa harusi moja,
sisi wenye kalamu ndio tuliowatenganisha.

Baba alikuja kutoka Ukamba na jembe lisilo na mpini.
Chasaka, walimwita,
hata alipoyajua matusi ya Kichaga kuwashinda wao.
Akaoa. Akalima. Mfereji ulipobomoka mwaka ule
(usiniulize upi)
yeye ndiye aliyelala topeni, mgongo wake ukiwa ukingo,
mpaka mawe yakafika.
Wakampa zamu za maji azigawe.
Aliyatawala maji miaka mingapi?
Waliokunywa wanasema michache mno.
Waliokaukiwa wanasema thelathini, na chumvi juu.

Katika hadithi waliyoisimulia maadui zake baadaye,
Apepi, mfalme mgeni, alituma mjumbe kusini
kulalamika kwamba viboko wa kule wanamnyima usingizi,
mwendo wa siku nyingi kutoka kitandani pake.
Darasa lilicheka. Mimi sikucheka.
Baba aliwahi kuwaandikia watu wa juu:
"Mfereji wenu unanyamaza usiku. Silali."
Barua ninayo. Haina tarehe.

Wamisri walipotaka kuandika nchi ya kigeni
walichora vilima vitatu.
Kwao nyumbani ni tambarare, na mgeni ni mtu wa mlima.
Jana alfajiri wingu lilifunguka nikiwa napiga mswaki, nikaviona:
Shira, Kibo, Mawenzi.
Na sisi sote chini yake, wenye vihamba,
wenye masale mipakani,
tuliomwita mzee yule mtu wa kuja,
tumeandikwa wageni angani, kwa herufi kubwa,
tangu kabla babu wa babu hajashika panga.

"Sasa niache pengo?" anauliza Ndekirwa. "Pengo halipendezi."
Chonga vilima vitatu, namwambia. Pale pa mwaka.
Anashusha patasi, anafikiri.
"Kama vya kwenye chupa ya bia?"
Kama hivyo.
Anapima kwa kidole, anaandika bei kiganjani,
kisha ananitazama tena:
"Na theluji? Niweke ya mwaka gani?"